Ubaki mkimbizi au uwe raia wa Jumuiya? Ulinganisho kwa wanaoishi Nairobi

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kuna swali linalozunguka Kayole, Githurai na Kasarani, kuanzia uwanja wa kanisa baada ya ibada hadi kwa kinyozi: "Sisi sasa ni wa Jumuiya, ukimbizi wa nini tena?" Wanaouliza hawajalitoa hewani. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuifuta ile ya 2006, inasema katika kifungu cha 28 kwamba mkimbizi anayetoka nchi mwanachama anaweza, kwa hiari yake, kuiacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za raia wa Jumuiya chini ya Mkataba na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Njia ni mbili basi, na zote ni halali. Ya kwanza ni kubaki chini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, ambayo mtaani inajulikana kwa herufi zake tu, DRS. Ya pili ni kwenda Uhamiaji ukiwa Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Mganda au Msudan Kusini kama mwingine yeyote aliyekuja Kenya kutafuta maisha. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: wengi wanaouliza swali hili ningewaambia wabaki walipo, angalau kwa sasa. Lakini wapo ambao kubaki kunawarudisha nyuma, nao nitawataja.

Kama umetoka Ethiopia, Eritrea au Sudan, uamuzi huu haukuhusu, kwa kuwa nchi hizo haziko kwenye Jumuiya. Wasomali wana habari yao peke yao, tutaifikia.

Anza na ubalozi, si na kazi

Watu wakilinganisha njia hizi huanza na kazi. Ningeanza na ubalozi, maana hapo ndipo wengi hukwama kabla kazi haijatajwa. Uhamiaji haiwezi kukupokea kama raia wa Jumuiya bila karatasi ya nchi yako, na kwa kawaida karatasi yenyewe ni pasipoti. Pasipoti ya Burundi hutolewa na serikali ya Burundi, ya Kongo na serikali ya Kongo. Hakuna wakala wa River Road atakayeligeuza hilo, hata akikuonyesha picha za wateja kumi aliowasaidia.

Sasa jiulize: unaweza kuingia kwenye lango la ubalozi wako, uandike jina lako kamili, jina la baba, mahali ulipozaliwa, mtaa unaoishi Nairobi na namba ya simu, halafu umwachie karani alama za vidole? Aliyekimbia Goma mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 huenda akasema ndiyo bila kusita, kwa sababu waliomfukuza si wale walio ubalozini. Mrundi aliyetoka Bujumbura mwaka 2015 baada ya kuandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na ambaye ndugu zake bado wanaulizwa yuko wapi, hawezi kusema hivyo. Kwa huyu wa pili ulinganisho umeishia hapa. Hata kibali kingekuwa cha bure na cha maisha, bei yake ni kujitambulisha kwa watu anaowakimbia.

Kuna na mtego ambao hausemwi kanisani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya imeufuata katika sheria yake, unasema mkimbizi akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, ukimbizi wake unakoma. Kuomba pasipoti na kuitumia ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Kwa hiyo yule anayejiambia achukue pasipoti kwanza, na kitambulisho cha mkimbizi akiweke chini ya godoro kama akiba, anacheza na moto. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa litakalomponyoka ni lile ambalo hawezi kulirudia kirahisi. Ukishaacha hadhi kwa hiari, kuomba hifadhi upya kunamaanisha kueleza ni nini kipya kilichotokea tangu ulipotia sahihi kwamba huihitaji.

Karatasi ipi inakukinga

Nguvu ya hadhi ya ukimbizi iko mahali pamoja: hurudishwi unakoogopa. Hilo liko kwenye Mkataba wa 1951, liko kwenye Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na liko kwenye sheria ya Kenya. Raia wa Jumuiya hana kinga hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa uhuru wa kuingia, kukaa na kufanya kazi, lakini inaiachia serikali nafasi ya kuubana uhuru huo kwa sababu za usalama, afya au maslahi ya umma. Muda wa pasi ukiisha, au ukishtakiwa kwa kosa, kurudishwa kwenu ni jambo la kawaida la uhamiaji. Hakuna atakayekuuliza kama unaogopa.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kadi ya mkimbizi ni ngao ya chuma. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi hapa walirudishwa Uturuki, na serikali ya Kenya ikakiri kwamba ilikubali ombi la Ankara. Mwezi uliofuata Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, raia wa Jumuiya mwenye pasipoti yake halali, alitekwa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Anayewindwa na serikali yenye mkono mrefu hana karatasi ya kutosha Nairobi. Tofauti ni kwamba mkimbizi akirudishwa, kuna sheria iliyovunjwa waziwazi na kuna wakili anayejua afungue kesi ya namna gani. Si kitu kidogo, ingawa najua haimtoi mtu selo usiku huohuo.

Kwa asiyewindwa na mtu, hatari ya kila siku ni askari wa doria. Chukua barabara ya Kasarani kwenda Mwiki, saa nne usiku, tochi imekumulika usoni. "Kitambulisho." Ukitoa kadi ya mkimbizi, swali linalofuata mara nyingi ni "Mbona hauko Kakuma?" Ukitoa pasipoti yenye muhuri, anafungua ukurasa, anahesabu kwa kidole, halafu, "Umebakisha siku ngapi?" Maswali yote mawili yanaelekea kwenye mfuko uleule. Lakini la pili lina jibu lililopigwa muhuri. La kwanza linagusa mahali ambapo sheria yenyewe haijatulia.

Maana mkimbizi wa Kenya hutarajiwa aishi katika maeneo yaliyotengwa, yaani Dadaab, Kakuma na Kalobeyei, na Nairobi akae kwa ruhusa: matibabu, masomo, usalama wake, au sababu nyingine iliyokubaliwa. Serikali ilipotaka kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini, Mahakama Kuu ilitengua agizo hilo Julai 2013. Mwaka uliofuata likaja agizo jingine, na Aprili 2014 ikaja operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch. Waliokuwa Eastleigh wakati ule wanakumbuka watu wakizolewa na kupelekwa uwanja wa Kasarani, wenye karatasi na wasio nazo. Sheria mpya imelegeza mambo, ila kanuni ya maeneo yaliyotengwa haikufutwa. Mwenye kibali cha Uhamiaji hana mzigo huu. Anaishi Nairobi, Mombasa au Kitale, na hatakiwi kumweleza mtu kwa nini. Kwenye hili njia ya Jumuiya inashinda wazi.

Kazi

Hapa ndipo maneno mengi ya mtaani yanapotosha, kwa pande zote mbili.

Kwanza, si kweli kwamba mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi. Sheria ya 2021 inampa aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kutumia taaluma yake, mradi vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka ya Kenya. Kipo na kibali chake, daraja M, na hakitozwi ada. Shida iko kwenye kukipata: unahitaji barua ya DRS, faili liende Uhamiaji, na kwa kawaida mwajiri awe tayari kukusubiri. Mwajiri wa Industrial Area mwenye watu wengine mia wanaongoja langoni hakusubiri. Wengi wanaishia kufanya kazi bila kibali, kwa mshahara ambao Mkenya asingeukubali, na wakidhulumiwa wananyamaza.

Kumbuka pia kwamba haki hii ni ya *aliyetambuliwa*. Kama bado una pasi ya mwomba hifadhi na hujapata uamuzi, wewe si mkimbizi mbele ya sheria, na hata kile kifungu cha kuacha hadhi bado hakijakufikia. Huwezi kuacha usichopewa.

Upande wa Jumuiya, raia wa nchi mwanachama huingia bila ada na hupewa hadi miezi sita. Muhuri huo ni wa kukaa, si wa kufanya kazi. Wauza karanga wengi wa Kirundi unaowaona na beseni zao kati ya barabara za Tom Mboya na Ronald Ngala wanaishi kwa muhuri huo, na ndiyo sababu askari wa kaunti na wa uhamiaji wote huwaona kama mavuno. Ili ufanye kazi kihalali unahitaji kibali. Mwaka 2024 Kenya iliongeza daraja R, mahususi kwa raia wa Jumuiya, nalo pia halina ada. Linganisha na mwekezaji wa nje ya Jumuiya, ambaye daraja G linamtaka aonyeshe mtaji wa dola 100,000, uone ni upendeleo mkubwa kiasi gani.

Lakini bure si sawa na rahisi. Kibali huombwa mtandaoni kwa mfumo wa Uhamiaji, na mfumo unataka uonekane kwenye karatasi: pasipoti, namba ya kodi ya KRA, barua ya mwajiri au usajili wa biashara. Fundi cherehani mwenye duka dogo Kayole lililosajiliwa kwa jina lake na leseni ya kaunti atajitetea. Mama anayefua nguo za watu Umoja, leo hapa kesho pale, hana mwajiri wa kumwandikia barua wala duka la kusajili. Kwake kibali cha bure na kibali cha mamilioni ni kitu kimoja. Yeye kwenye ukimbizi angalau ana kadi inayomruhusu kuwepo. Akiiacha anabaki na muhuri wa miezi sita, na kila unapoisha anatafuta nauli ya kwenda mpakani, Busia au Namanga, akagongewe mwingine.

Wauguzi, walimu na mafundi wenye diploma za Bukavu au Gitega wananiuliza njia ipi itawapeleka kazini haraka. Hakuna. Baraza la Wauguzi litataka vyeti vyako vile vile, vitafsiriwe kutoka Kifaransa vile vile, na vikaguliwe vile vile, uwe mkimbizi au uwe na pasipoti. Kwa mwenye taaluma, hicho ndicho kisiki, na aina ya karatasi ya ukazi huja baadaye. Anza na vyeti.

Mengine ya kila siku

Laini ya simu na akaunti ya benki: sheria inasema kitambulisho cha mkimbizi kinatosha kumtambulisha mtu ili apate huduma. Karani wa dirishani hajaisoma sheria hiyo, naye kompyuta yake ina sehemu ya kitambulisho cha Mkenya na sehemu ya pasipoti. Pasipoti ni rahisi zaidi, sitabisha.

Matibabu: kwa SHA, bima ya afya ya serikali, asiye na mshahara huchangia si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na mkimbizi anaweza kujisajili. Shule za msingi za umma huwapokea watoto wa pande zote mbili, na mtoto aliyezaliwa hospitali ya Pumwani anapata cheti cha kuzaliwa bila kujali wazazi wana karatasi gani. Hapa tofauti ni ndogo mno kuamua jambo.

Safari ndiyo inayouma. Mkimbizi anaweza kuomba hati ya kusafiria na akaenda Kampala au Brussels, lakini si nyumbani. Mzazi akifariki Bukavu, mwenye pasipoti anapanda basi jioni hiyo. Mkimbizi anachagua kati ya kumzika mama yake na kubaki mkimbizi. Najua wapo wanaovuka kimya kimya na kurudi. Najua pia kwamba swali la "umewahi kurudi nchini kwako?" huulizwa kwenye mahojiano, na watu hawajui waliloandikiwa mpakani.

Kwa anayewaza kukaa Kenya moja kwa moja, kuna hesabu ya miaka. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inampa nafasi ya kuomba ukazi wa kudumu mtu aliyekuwa na kibali cha kazi kwa angalau miaka saba, mitatu ya mwisho akiwa nchini mfululizo. Miaka inayohesabiwa hapo ni ya kibali, si ya kadi ya mkimbizi. Wapo watu walioko Nairobi tangu vita vya Kongo vya 1998 ambao kwenye hesabu hiyo bado wako kwenye sifuri.

Na ile ndoto ya kupelekwa Ulaya au Marekani?

Tuseme ukweli: wengi hawaachi hadhi kwa sababu wanangoja simu ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kupelekwa nchi ya tatu kunamtaka mtu awe mkimbizi. Ukiacha, faili limefungwa. Ila sababu hii imepungua uzito. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kwa mwaka wa fedha wa 2026 ikaweka kikomo cha watu 7,500 tu, nafasi nyingi zikielekezwa kwa Wazungu wa Afrika Kusini. Kenya peke yake ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki nane. Nchi nyingine bado zinapokea, lakini kwa mwenye miaka thelathini, afya nzuri na cherehani mbili, kupanga maisha juu ya simu hiyo ni kuyaahirisha. Kama kesi yako ilikuwa tayari imefika hatua ya mahojiano na nchi nyingine, au una mtoto mgonjwa wa maradhi yasiyotibika hapa, hapo usiguse kitu.

Wengine wananiuliza kuhusu Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, ambao unataka kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wenyeji na wageni wanatumia huduma moja. Ni mageuzi makubwa, na kwa mtu wa Kalobeyei mwenye shamba au duka yanaweza kumfaa. Kwa mtu aliyejijenga Nairobi sioni kama ni chaguo. Mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula lilipunguza mgao kule Kakuma na kuupanga kwa makundi, wengine wakaondolewa kabisa, na watu wakaandamana.

Wasomali

Somalia imekuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024, kwa hiyo kwa maandishi Msomali wa Eastleigh ana chaguo lilelile la Mkongo wa Kayole. Kwa vitendo, Kenya ilipoondoa kibali cha kielektroniki cha kusafiri kwa karibu Afrika nzima Julai 2025, nchi mbili ziliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya na Somalia. Mtu akikuambia uache hadhi ya ukimbizi ili uwe raia wa Jumuiya wakati pasipoti ya Somalia bado inasimamishwa mlangoni, mwombe akuonyeshe Msomali aliyefanikiwa. Mimi ningengoja.

Nani aende, nani abaki

Ningemwambia aende mtu mwenye mambo haya yote kwa pamoja: ametambuliwa kama mkimbizi, haiogopi serikali ya nchi yake, ana kazi au biashara yenye karatasi, na kukaa kwake Kenya kumekuwa kwa ajili ya maisha kuliko hofu. Mganda fundi wa magari Kariobangi ambaye kilichomtoa kwao kimeisha. Mnyarwanda aliyekulia hapa na hamjui mtu yeyote Kigali. Hawa wanabeba mzigo wa maeneo yaliyotengwa na wa barua za DRS bila kupata faida ya ile kinga, na kila mwaka unaopita ni mwaka ambao haukuhesabiwa.

Likikosekana moja, abaki. Mwenye kesi ya kisiasa abaki, hata akichoka. Mama wa kibarua abaki. Waliotoka mashariki ya Kongo wako katikati, na kwao ningetazama zaidi familia kuliko vita: mara nyingi mke na watoto wameandikwa chini ya jina la baba, na hadhi yao imetokana na yake. Baba akiiacha, wao wanasimama wapi? Mke anaweza kuwa na sababu zake za kuogopa ambazo hazikuwahi kuandikwa kwa sababu siku ya mahojiano aliulizwa mume peke yake. Naye anaweza kuomba kesi yake itazamwe kivyake. Mwulizeni kabla baba hajaenda ofisini.

Kama umeshaamua kwenda, nenda kwanza Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya, ambako ushauri wa kisheria haulipiwi, ukiwa na kadi zote za nyumba nzima. Waulize daraja lipi la kibali unalostahili, na nini kitatokea kati ya siku utakayosalimisha kadi na siku kibali kitakapotoka, maana katikati hapo ndipo mtu hukamatwa akiwa hana hiki wala kile. Barua ya kuacha hadhi isomewe kwa lugha unayoielewa vizuri, iwe Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, na uondoke na nakala yenye muhuri na tarehe. Huduma za DRS ni bure, kwa hiyo anayekutoza ili "alisukume faili" hafanyi kazi ya ofisi. Na kama tarehe ya mwisho ya kadi yako inakaribia wakati bado unafikiria, ihuishe kwanza.